Mikataba ya leseni ya pekee yashusha ubora wa gemu za michezo

DOLA 19.99 za Marekani. Hiyo ndiyo bei iliyotikisa soko la gemu za video za michezo nchini Marekani katikati ya mwaka 2004. Miezi mitano baadaye ushindani uliozaa bei hiyo ulikuwa umekwisha, na haukumalizikia madukani bali kwenye meza ya kutia saini.

Bidhaa yenyewe ilikuwa gemu ya futiboli ya Kimarekani iitwayo ESPN NFL 2K5, iliyotengenezwa na Visual Concepts, kampuni iliyokuwa mali ya Sega, na kusambazwa kwa ushirikiano na kampuni ya Take-Two kuanzia Julai 2004. Wakati huo bei ya kawaida ya gemu mpya ilikuwa karibu dola 50. Mshindani wake mkubwa, Madden NFL 2005 ya kampuni ya Electronic Arts, iliingia madukani mwezi uliofuata kwa bei hiyo ya kawaida. Kabla mwaka haujaisha, Electronic Arts ililazimika kuiteremsha hadi dola 29.95.

Si kwamba gemu ya bei nafuu ilikuwa hafifu. Wahakiki waliipa kila moja ya gemu hizo mbili alama zaidi ya 90 kwa 100, na wengi wao walishindwa kuamua ipi ni bora. Madden bado iliuza nakala nyingi zaidi, maana jina lake lilikuwa limezoeleka kwa miaka mingi. Hata hivyo, kwa msimu ule mmoja mnunuzi wa Marekani alikuwa na bidhaa mbili nzuri mkononi, na bei ilikuwa ikishuka badala ya kupanda. Mfanyabiashara anayetaka kuona ushindani unamfanyia nini mlaji hahitaji mfano mwingine.

Tarehe 13 Desemba 2004 Electronic Arts ilitangaza kwamba imetia saini mkataba wa miaka 5 na ligi ya NFL pamoja na chama cha wachezaji wa ligi hiyo. Kwa mkataba huo, kampuni hiyo peke yake ndiyo iliyoruhusiwa kutumia majina ya timu, viwanja na wachezaji wa NFL katika gemu za aina hiyo. Wengine wote walifungiwa mlango. Sega na Take-Two walikuwa wa kwanza kuumia, lakini Sony nayo ilikuwa na gemu yake ya NFL GameDay, Microsoft ilikuwa na NFL Fever, na Midway ilikuwa na NFL Blitz. Majina hayo yote yalitoweka au yalibaki bila NFL.

Januari 2005 Electronic Arts ilirudi tena sokoni na kulichukua jina la ESPN, kituo cha televisheni ambacho jina lake lilikuwa limeipamba gemu ya Sega, kwa mkataba wa miaka 15. Mwezi huo huo Sega iliiuza Visual Concepts kwa Take-Two kwa dola milioni 24. Take-Two ilikuwa imekwisha kutoa taarifa ikilalamika kwamba uamuzi wa NFL unawadhuru wanunuzi na mashabiki.

Kwa lugha ya biashara, leseni ya pekee ni uwakala pekee. Mwenye jina humpa mtu mmoja haki ya kulitumia, na kuwazuia wengine wote. Yeyote aliyewahi kuwa wakala pekee wa sabuni au matairi katika mkoa wake anaujua utamu wa mpango huo. Akiamka asubuhi haulizi tena jirani anauza kwa bei gani.

Lakini gemu ya michezo si sabuni. Sabuni moja ikiwa ghali au mbaya, mnunuzi huchukua nyingine na nguo zikatakata. Shabiki wa Dallas Cowboys hawezi kuhamia timu ya kubuni iliyovalishwa jezi za rangi zinazofanana. Anachonunua ni timu yake, wachezaji wake na msimu wa mwaka huo. Ndiyo maana leseni katika biashara hii si urembo juu ya bidhaa; ni nusu ya bidhaa yenyewe, na pengine zaidi ya nusu.

Take-Two iligundua hilo kwa gharama. Julai 2007 iliingiza sokoni gemu ya All-Pro Football 2K8, iliyotengenezwa na mafundi wale wale wa Visual Concepts. Kwa kuwa haikuruhusiwa kutumia timu za NFL wala wachezaji waliokuwa wakicheza, kampuni hiyo iliingia mikataba na wachezaji wastaafu zaidi ya 200, wakiwamo Joe Montana, Jerry Rice na Barry Sanders, na ikabuni timu zake. Uchezaji wake ulisifiwa. Mauzo hayakutosha, na toleo la pili halikutoka.

Baada ya mlango kufungwa, mabadiliko ya kwanza yalionekana kwenye bei. Agosti 2005 Madden NFL 06 ilitoka kwa bei ya dola 49.95. Ukilinganisha na dola 29.95 za miezi michache kabla, hilo ni ongezeko la karibu asilimia 67 katika soko ambalo lilikuwa limebakiwa na muuzaji mmoja.

Kuhusu ubora, mambo yalikwenda polepole zaidi, na hapa ndipo penye ubishi. Novemba mwaka huo huo Madden ilitolewa kwa ajili ya mashine mpya ya Xbox 360 kwa dola 10 zaidi, huku sehemu kadhaa zilizokuwamo katika toleo la mashine za zamani zikiwa zimeondolewa. Ni haki kusema kwamba kuhamia mashine mpya ni kazi ngumu, na gemu nyingi za mwanzo wa mashine yoyote huwa pungufu. Tofauti ni kwamba safari hii mnunuzi aliyechukizwa hakuwa na duka la pili la kwenda.

Gemu za michezo hutoka kila mwaka. Watengenezaji hupewa miezi isiyozidi 12, na katika muda huo hawawezi kurekebisha kila kitu. Lazima wachague. Palipo na mshindani, yeye ndiye anayewachagulia: akitengeneza kipindi cha mapumziko kinachofanana na cha televisheni, kama ilivyofanya 2K5, mwenzake hulazimika kufanya hivyo au kuonekana wa kizamani. Pasipo na mshindani, uchaguzi huo hufanywa na mhasibu. Sehemu inayoingiza fedha hupata mafundi, na sehemu inayopendwa bila kuingiza fedha hubaki ilivyo mwaka hadi mwaka.

Hilo halikubaki nadharia. Mwaka 2020, Electronic Arts ilipoonyesha mambo mapya ya Madden NFL 21, mashabiki waliona kwamba sehemu ya kuendesha timu kwa misimu mingi, ambayo wengi wao huinunulia gemu hiyo, ilikuwa karibu haijaguswa. Walizusha malalamiko makubwa kiasi kwamba kampuni ikaahidi hadharani kuifanyia marekebisho baada ya gemu kutoka. Wahakiki waliipa gemu hiyo alama 60 na ushei kwa 100. Alama za wanunuzi wenyewe, kama zilivyokusanywa na Metacritic, ziliteremka chini ya 1 kwa 10. Alama hizo za mwisho zilitolewa kwa hasira na hazipaswi kuchukuliwa kama mizani ya dukani, lakini mteja anayekasirika namna hiyo na bado ananunua mwaka unaofuata anasema kitu kuhusu soko lenyewe.

Watetezi wa leseni ya pekee wana hoja yao. Wanasema mwenye uhakika wa miaka mitano au kumi huwekeza kwa utulivu, hujenga viwanja kwa undani na kuajiri mafundi bila kuogopa kwamba ligi itamgeuka. Ligi nazo husema jina lao linalindwa vizuri zaidi likiwa mikononi mwa mmoja anayewajibika. Hoja hiyo si ya kupuuza kwa mashine zinazobadilika kila baada ya miaka michache na gharama zinazopanda.

Tatizo ni kwamba historia ya Madden yenyewe inaipinga. Gemu ya kwanza yenye jina la kocha John Madden ilitoka mwaka 1988. Kwa miaka 16 Electronic Arts iliwekeza, ikaajiri, ikabuni na kutawala mauzo bila leseni ya pekee ya NFL, tena ikiwa na washindani watatu au wanne mlangoni. Sifa zake zote kubwa zilipatikana katika kipindi hicho. Aidha, ada ya leseni ya pekee ni fedha inayotoka kabla ya fundi wa kwanza kukaa kwenye kiti chake. Kampuni inayosema imenunua leseni ili iwekeze zaidi imeanza kwa kupunguza kilichopo cha kuwekeza.

Suala hilo lilifika mahakamani. Mwaka 2008 wanunuzi wa gemu walifungua kesi ya pamoja dhidi ya Electronic Arts katika mahakama ya shirikisho huko California, wakidai kwamba mikataba ya pekee iliua ushindani na kupandisha bei. Wakati kesi ikiendelea, Mei 2010, Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa uamuzi katika kesi nyingine iliyohusu kofia. Kampuni ya American Needle ilikuwa imeondolewa katika biashara ya kofia za NFL baada ya ligi kutoa leseni ya pekee kwa Reebok. Majaji wote 9 walikubaliana kwamba klabu 32 za NFL, zinapouza haki za majina yao kwa pamoja, haziwezi kujificha nyuma ya ligi na kudai kuwa ni mtu mmoja. Kila klabu ni mfanyabiashara anayejitegemea, na makubaliano yao yanaweza kupimwa kwa sheria ya ushindani.

Uamuzi huo haukuzipiga marufuku leseni za pekee. Uliondoa kinga tu. Kesi ya gemu nayo haikufika kwenye hukumu. Mwaka 2012 Electronic Arts ilikubali kulipa dola milioni 27 bila kukiri kosa, na kuahidi kutotia saini mikataba ya pekee ya futiboli ya vyuo vikuu na ya ligi ya ukumbini kwa miaka 5. Mnunuzi aliyekuwa na nakala za mashine za zamani aliweza kudai dola 6.79 kwa kila nakala, na wa mashine mpya dola 1.95. Mkataba wa NFL, ambao ndio uliokuwa kiini cha malalamiko, haukuguswa. Ulikuwa umekwisha kurefushwa mwaka 2008, na ukarefushwa tena mwaka 2020.

Wenye hisa wadogo wanaweza kufikiri kwamba habari hizi ni za walaji tu, na kwamba ukiritimba ni habari njema kwa anayemiliki hisa. Mchezo wa besiboli unaonyesha vinginevyo.

Take-Two, baada ya kunyimwa futiboli, ilikwenda kufanya yale yale iliyoyalalamikia. Januari 2005 iliingia mkataba na ligi kuu ya besiboli, MLB, na chama cha wachezaji wake, kwa misimu ya 2006 hadi 2012. Miongoni mwa kampuni zisizotengeneza mashine, yenyewe peke yake ndiyo iliyoruhusiwa kutoa gemu za ligi hiyo. Electronic Arts ilisimamisha MVP Baseball, ambayo toleo lake la mwaka 2005 mashabiki wengi bado wanalitaja kuwa miongoni mwa gemu bora za besiboli zilizowahi kutengenezwa. Kwa hiyo kalamu moja ya Desemba iliua gemu nzuri ya futiboli, na ya pili, wiki chache baadaye, ikaua gemu nzuri ya besiboli.

Gemu za besiboli za Take-Two zilizofuata hazikuziba pengo hilo. Toleo la MLB 2K9 lilipokelewa vibaya kwa sababu ya kasoro nyingi za kiufundi. Mwaka 2010 kampuni ilitangaza zawadi ya dola milioni 1 kwa mtu wa kwanza kurusha mchezo usio na dosari ndani ya gemu yake, na zawadi hiyo ilipata mshindi. Yalikuwa matangazo mazuri. Lakini biashara inapofika mahali pa kutoa dola milioni moja ili watu waizungumzie, mwenye hisa ana haki ya kuuliza kama bidhaa inajiuza yenyewe. Toleo la mwisho lilikuwa MLB 2K13, na baada ya hapo jina hilo lilizikwa.

Hapo ndipo penye mtego ambao wazabuni wa kila aina wanaujua. Katika zabuni ya haki pekee, anayeshinda ni yule aliyeikadiria thamani yake juu kuliko wote, yaani yule ambaye uwezekano wake wa kukosea ni mkubwa kuliko wa wenzake. NFL na MLB hazikuuza gemu. Ziliuza uhakika, na zililipwa kama uhakika ulikuwapo.

Kilichoiokoa besiboli ni tundu dogo lililoachwa katika mkataba. Watengenezaji wa mashine hawakuguswa na zuio hilo, na Sony, mwenye mashine ya PlayStation, aliendelea kutengeneza MLB The Show katika studio yake ya San Diego. Kupitia tundu hilo ilipita gemu iliyokuja kuwa bora kuliko ile iliyolipiwa leseni ya pekee. Leseni ilikuwa upande mmoja na ubora ukawa upande mwingine.

Baadaye ligi yenyewe ilijifunza. Desemba 2019, wakati wa kurefusha mkataba na Sony, MLB ilitangaza kwamba gemu hiyo itaanza kutoka pia kwa mashine za washindani. Mwaka 2021 MLB The Show 21 ilionekana kwenye Xbox ya Microsoft, tena kwa wanachama wa huduma yake ya malipo ya mwezi tangu siku ya kwanza, wakati mwenye PlayStation alitakiwa kuinunua kwa bei kamili. Kwa miaka 15 Sony ilikuwa imeitumia gemu hiyo kuuzia mashine zake. Ligi ikasema basi. Ni dhahiri kwamba mwenye jina akitaka, anaweza kuandika ndani ya mkataba masharti yanayomfaa mnunuzi. Asipoyaandika, ni kwa sababu hakutaka.

Ukweli unataka isemwe pia kwamba leseni ya pekee si ugonjwa pekee. Mpira wa kikapu wa NBA haukufungwa kwa mkataba wa namna hiyo. Electronic Arts ilikuwa na NBA Live na Take-Two ilikuwa na NBA 2K, na kila moja ililipia haki ya kutumia majina yale yale. Mwaka 2010 Electronic Arts iliifuta NBA Elite 11 ikiwa karibu kabisa kutoka, baada ya kuonekana haijaiva, na mshindani wake akabaki na soko zima. Ilijaribu kurudi mwaka 2013 na miaka iliyofuata, kisha ikakata tamaa.

NBA 2K ilipobaki karibu bila mshindani wa kweli, dalili zile zile zilianza kujitokeza. Mwaka 2017, katika toleo la NBA 2K18, wanunuzi walilalamika kwamba wakishalipia gemu bado wanasukumwa kununua fedha za ndani ya gemu ili kumwendeleza mchezaji wao, hata kumkata nywele. Kinachoshusha ubora, kwa hiyo, ni kukosa mshindani, na leseni ya pekee ni njia fupi tu ya kumkosa. Lakini kuna tofauti moja kubwa. Katika kikapu, aliyebaki alibaki kwa sababu mwenzake alishindwa kazi, na mlango haukuwa na kufuli. Katika futiboli, aliyefungiwa nje ndiye aliyekuwa ametengeneza bidhaa ya alama 90 kwa dola 20.

Soka ina muundo mwingine kabisa, na wasomaji wa Afrika Mashariki wanaijua hii kuliko futiboli ya Kimarekani, maana ndiyo inayolipiwa kwa mechi katika vibanda vya PlayStation mitaani Dar es Salaam na Nairobi. Haki za soka hazikai katika ofisi moja. Ligi ya Uingereza ina zake, klabu moja moja zina zake, vyama vya wachezaji vina vyake, UEFA ina zake. Hakuna saini moja inayoweza kulifunga soko lote.

Kwa sababu hiyo Konami ya Japani iliweza kupambana na Electronic Arts kwa miaka mingi ikiwa na majina ya kubuni. Katika gemu zake, Manchester United iliwahi kuitwa Man Red, na Liverpool ikaitwa Merseyside Red. Vijana walicheka, wakayabadilisha majina wenyewe, na wakaendelea kucheza kwa sababu mpira wenyewe ulichezeka. Electronic Arts ililazimika kuboresha uchezaji wa gemu yake ya FIFA, na matokeo yalionekana kuelekea mwisho wa miaka ya 2000. Leseni za pekee zilikuja vipande vipande: mwaka 2019 Konami ilijipatia Juventus, na katika FIFA 20 klabu hiyo ya Turin ikaitwa Piemonte Calcio, huku Cristiano Ronaldo akiwa ndani yake. Lakini ushindani huo nao ulipwaya Septemba 2021, Konami ilipoitoa eFootball 2022 ikiwa na kasoro za aibu.

Mwezi uliofuata lilizuka suala la jina lenyewe la FIFA. Gazeti la The New York Times liliripoti kwamba Electronic Arts ilikuwa ikilipa karibu dola milioni 150 kwa mwaka, na kwamba shirikisho lilitaka kiasi hicho kizidishwe mara mbili, hadi zaidi ya dola bilioni 1 kwa kila kipindi cha miaka 4 cha Kombe la Dunia. Mei 2022 pande hizo mbili zilitangaza kuachana. Tangu Septemba 2023 gemu hiyo inauzwa kwa jina la EA Sports FC, ikiwa na ligi, klabu na wachezaji wale wale, kwa kuwa haki hizo hazikuwa za FIFA. Zürich iligundua kwamba imekuwa ikikodisha herufi nne.

Sababu ya kampuni kuthubutu kuliacha jina la karibu miaka 30 ipo katika hesabu zake. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021, Electronic Arts ilipata mapato ya dola bilioni 5.6. Kati ya hizo, dola bilioni 1.62, yaani asilimia 29, zilitoka katika Ultimate Team, sehemu ya gemu za soka, futiboli na nyinginezo ambapo mnunuzi hununua pakiti za kadi za wachezaji bila kujua kilichomo hadi azifungue. Toleo jipya likitoka mwaka unaofuata, timu aliyoijenga inabaki kwenye gemu ya zamani na anaanza upya. Mamlaka za Ubelgiji ziliona mfumo huo wa pakiti za kulipia unafanana na kamari, na Januari 2019 kampuni iliacha kuuza pointi za FIFA nchini humo.

Hapo ndipo mafundi waliko. Mwenye hisa anayesoma taarifa ya mwaka na kujiuliza kwa nini sehemu ya kuendesha timu katika Madden haiguswi, jibu lake liko katika asilimia hiyo 29. Diski imekuwa kiingilio. Biashara iko ndani. Na biashara ya ndani inahitaji jina halisi la mchezaji kwenye kadi, jina ambalo hakuna mwingine anayeruhusiwa kulichapa.

Soko la hisa kwa muda mrefu lilizipenda leseni hizi kwa sababu zinafanya mapato yatabirike. Lakini Januari 2025 Electronic Arts ilipotangaza kwamba mauzo ya soka yamekwenda polepole kuliko ilivyotarajiwa, hisa zake zilianguka zaidi ya asilimia 15 kwa siku moja. Leseni zote zilikuwapo siku hiyo, hakuna hata moja iliyokuwa imechukuliwa. Wanunuzi walikuwa wamepunguza tu kununua.

Mwekezaji mdogo anayepima kampuni ya aina hii anahitaji kuuliza mkataba unaisha lini, kima cha chini kinacholipwa kwa ligi ni kiasi gani hata mauzo yakishuka, na mwenye jina ana uhuru gani wa kumkaribisha mwingine. Anahitaji pia kujua, ligi ikifungua mlango kesho, kama bidhaa iliyopo inaweza kusimama yenyewe. Katika besiboli ya Take-Two jibu lilikuwa hapana, na ilichukua misimu 7 kulifikia.

Septemba 2025 Electronic Arts ilitangaza makubaliano ya kununuliwa na mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudi Arabia pamoja na kampuni za Silver Lake na Affinity Partners, kwa dola bilioni 55, au dola 210 taslimu kwa kila hisa. Katika mpango wa fedha uliotangazwa, dola bilioni 20 ni mkopo uliopangwa na benki ya JPMorgan. Marejesho ya mkopo wa namna hiyo hutoka kwenye mapato ya kampuni iliyonunuliwa, na katika mapato hayo sehemu inayotabirika kuliko zote ni gemu za michezo zinazotoka kila mwaka na pakiti zake.